Sauti ya chini inavyomtuliza anayesumbuliwa na mlio masikioni

USIKU unapoingia na majirani kuzima redio zao, wapo watu ambao kelele zao ndipo huanza. Mmoja husikia mluzi mwembamba, mwingine mlio kama wa nyenje, mwingine mvumo kama wa birika linalochemka. Aliyelala kando yake hasikii lolote.

Hali hii, ambayo madaktari huiita tinitasi, si wazimu wala si pepo. Kwa kawaida ni dalili tu, na inawapata watu wengi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022 katika jarida la JAMA Neurology ulikadiria kwamba zaidi ya watu wazima milioni 740 duniani wana mlio huo, na kwamba kwa zaidi ya milioni 120 kati yao ni tatizo kubwa.

Ndani kabisa ya sikio, katika sehemu iliyojiviringa kama gamba la konokono, mna seli zenye vinyweleo ambazo hupokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Seli hizo huharibiwa na uzee, makelele na baadhi ya dawa, na zikishakufa hazioti tena. Maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi ni kwamba ubongo, ukiona habari kutoka sikioni zimepungua, hujaribu kuzitafuta kwa nguvu zaidi. Ni kama mtu anayeongeza sauti ya redio ili anase kituo cha mbali: kituo hakipatikani, lakini mkwaruzo unazidi.

Ndiyo sababu ukimya, ambao wengi huukimbilia wakidhani utawapa nafuu, huwa adui. Mwaka wa 1953 watafiti wa Marekani, Morris Heller na Moe Bergman, waliwaingiza watu 80 wenye masikio mazima katika chumba kisichopenya sauti. Asilimia 94 kati yao walisema wamesikia mlio au mvumo wa aina fulani. Basi kama asiye na tatizo husikia hivyo, mwenye tatizo anayeziba masikio kwa pamba ili alale anajichochea moto mwenyewe.

Tiba ya kutumia sauti nyingine si jambo geni. Mnamo 1821, daktari Mfaransa Jean Marc Gaspard Itard aliandika kuhusu maradhi ya masikio, akawashauri wagonjwa watafute sauti ya nje inayokaribiana na ile ya kichwani: kuni mbichi zikiungua, maji yakidondoka katika chombo cha shaba, au hata kuhamia karibu na kinu cha maji. Katika miaka ya 1970, daktari Charles Unice, ambaye mwenyewe alisumbuliwa na mlio, alisimama karibu na maji yaliyoporomoka katika bustani moja mjini Portland, Marekani, akatambua kwamba hausikii tena. Mtafiti Jack Vernon aliyekuwa naye alilichukua jambo hilo kwa uzito, na likazaa vifaa vidogo vya kuvaliwa sikioni vinavyotoa mvumo laini.

Wakati huo lengo lilikuwa kuufunika mlio kabisa. Pawel Jastreboff, aliyechapisha nadharia yake mwaka wa 1990, alilipinga wazo hilo. Ubongo, alieleza, hauwezi kuzoea kitu usichokisikia. Sauti ya nje iwe chini kidogo ya mlio, vyote viwili visikike, hadi ubongo uuone mlio huo kuwa jambo lisilo na maana. Kibatari katika chumba chenye giza huvuta macho yote, ilhali kibatari hichohicho adhuhuri hakuna anayekitazama. Moto wake haukupungua, ila mwanga unaokizunguka umeongezeka.

Sauti zinazofaa ni zile zisizobadilikabadilika wala kudai kusikilizwa: feni, mawimbi, mvua juu ya mabati. Mombasa feni huenda tayari inazunguka usiku kucha. Limuru, ambako feni ni kujitafutia mafua, mvua iliyorekodiwa kwenye simu itatosha. Taarifa ya habari au muziki wenye maneno husaidia mchana, lakini usiku huweza kumfanya mtu akeshe akifuatilia. Ni vyema sauti iwashwe kabla ya kupanda kitandani, kabla mlio haujashika hatamu, na iwe kutoka kwa spika iliyo mbali kidogo na mto. Anayelazimika kupaza sauti ili azungumze na mwenzake chumbani ameizidisha.

Hatari zaidi ni kujaza masikio vipokezi vya simu na kufungulia muziki kwa nguvu ili kuuzamisha mlio, kwani makelele ndiyo yaliyowaletea wengi taabu hii. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa asiyesikia vizuri, kifaa cha kusaidia kusikia mara nyingi hurudisha sauti za kawaida za nyumbani, nazo hufanya kazi hiyohiyo.

Hata hivyo, sauti haiponyi. Tathmini ya shirika la Cochrane ya mwaka wa 2018, iliyokusanya majaribio manane, haikupata ushahidi kwamba vifaa vya sauti vinashinda elimu na ushauri pekee. Tiba ya mazungumzo inayobadilisha jinsi mgonjwa anavyouwazia mlio ndiyo yenye ushahidi bora wa kupunguza mateso yake. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuukomesha, na wanaouza matone ya miujiza wanauza maji ya bei ghali.

Anayesikia mlio sikio moja tu, au mdundo unaofuata mapigo ya moyo, hafai kuanza na feni bali amwone daktari. Aliyepoteza usikivu ghafla asingoje hata kesho. Anayetumia kwinini, aspirini kwa wingi, au sindano kama za streptomaisini na jentamaisini, kisha masikio yakaanza kuvuma, amweleze mhudumu wa afya mara moja, wala asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.