Divai Mezani, Mlango Wazi

Jumapili hapa Juba, mama alinunua divai nyekundu ya bei nafuu, tukainywa kwa nyama ya mbuzi na kisra. Uchachu wake uliifaa nyama yenye mafuta. Lakini glasi hiyo ina historia. Septemba 1983 Rais Nimeiri alitangaza Sharia nchini Sudan. Pombe ikapigwa marufuku, nyingine ikamwagwa mtoni Nile mjini Khartoum. Wanawake wengi wa Kusini waliokimbia vita hadi Khartoum walifungwa kwa kupika marisa, riziki ya watoto wao. Mama alikuwa akipika kwa kujificha. Mkataba wa amani wa 9 Januari 2005 ulikubali kwamba sheria za Kusini zisitokane na Sharia. Jumapili ile mama alimimina taratibu, mlango ukiwa wazi.