Chombo cha Shaba na Maji ya Ganges

Mwaka 1857 ardhi iliporomoka katika bonde la Kullu, chini ya milima ya Himalaya, ikafichua chumba cha kale cha watawa wa Kibudha. Humo mlikuwa na chombo cha maji cha aloi ya shaba: tumbo la mviringo, shingo fupi, mdomo uliokunjuka kwa nje. Mwingereza mmoja, Meja Hay, ndiye aliyekigundua, na leo kimehifadhiwa British Museum, London. Umri wake unakadiriwa kuwa kama miaka 2,000. Msafara mzima umechongwa kuzunguka tumbo lake: mtukufu kwenye gari la farasi wanne, mpanda farasi, mpanda tembo, wanawake wapiga ala. Baadhi ya wataalamu wanaamini mtukufu huyo ni Siddhartha, kabla hajaacha jumba la kifalme na kuwa Buddha.

Chombo cha namna hiyo Wahindi wanakiita lota, na umbo lake halijabadilika sana tangu enzi hizo. Mwaka 1958 Charles na Ray Eames, wabunifu mashuhuri wa Marekani, walialikwa na serikali ya India kutoa ushauri kuhusu elimu ya usanifu wa vitu. Katika ripoti yao, kati ya vyombo vyote walivyoviona nchini humo, waliisifu lota kuliko vingine: uzito wake ikiwa tupu na ikiwa na maji, jinsi inavyokaa kiunoni, jinsi mdomo wake unavyomimina. Mdomo ule una sababu. Mhindu anayeshika mila hagusi chombo cha wenzake kwa midomo, huinua kichwa na kumimina maji kinywani kutoka juu. Ukingo uliokunjuka huyakusanya maji yakatoka kama uzi mmoja, bila kumwagika kifuani.

Lakini lota haikuwa ya kiu peke yake. Alfajiri, Mhindu mcha Mungu husimama akilielekea jua, akainua lota ya shaba kwa mikono miwili na kumimina maji taratibu huku akisali. Kwenye arusi, chombo hichohicho hujazwa maji, kikafungwa uzi mwekundu shingoni, kikatiwa majani ya mwembe mdomoni na nazi juu yake. Hapo kinaitwa kalasha, nacho ni ishara ya uzima na neema. Mtu akiwa katika sakarati ya mauti, jamaa humtilia kinywani tone la maji ya mto Ganges pamoja na jani la tulsi, mmea wa jamii ya mrehani. Alama zilizochorwa kwenye shaba zilitoka katika ibada hizo: yungiyungi, nyayo za mungu Vishnu, mkuki wenye ncha tatu wa mungu Shiva, herufi ya Om, na swastika, ambayo kwa Wahindu, Wabudha na Wajaini ilikuwa alama ya heri kwa maelfu ya miaka kabla ya Wanazi kuinajisi.

Maji ya Ganges yenyewe yalisafirishwa mbali mno. Ibn Battuta, msafiri yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliishi Delhi baadaye na kuandika kwamba Sultani Muhammad bin Tughluq aliletewa maji hayo hadi Daulatabad, mwendo wa siku 40. Zaidi ya miaka 200 baadaye, Abul Fazl, mwandishi wa mfalme Akbar, alieleza kwamba bwana wake hakunywa maji mengine, awe nyumbani au safarini. Watu waaminifu waliwekwa kando ya mto kuyateka na kuyatuma katika mitungi iliyotiwa muhuri. Sultani huyo na Akbar wote walikuwa watawala Waislamu. Heshima ya maji hayo ilivuka mipaka ya dini, na jambo hili lafaa kukumbukwa India ya leo, ambako wapo wanaotaka kila kitu kiwe cha upande mmoja.

Hata sasa mahujaji hurudi kutoka miji ya Haridwar na Varanasi wakiwa na vyombo vidogo vya shaba vilivyozibwa midomo, maji ya mto yakiwa ndani. Chombo kikifika nyumbani hukaa mahali pa ibada, hata miaka mingi, kikingoja arusi au kifo.

Mafundi wa kazi hii wana mitaa yao. Katika mji wa Pune upo Tambat Ali, mtaa wa wafua shaba ambao wazee wao waliletwa mjini na watawala wa Peshwa kutengeneza mizinga na sarafu, wakageukia vyombo vya nyumbani vita vilipokwisha. Jandiala Guru, katika Punjab, wapo Wathathera, ambao ufundi wao UNESCO iliuingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Kazi yao huanzia kwenye bamba. Fundi hulipasha moto katika tanuri dogo la kuni lililochimbwa ardhini, mvukuto ukipulizwa kwa mkono, kisha huligonga mpaka lijikunje na kuwa tumbo la chombo. Shaba iliyogongwa sana huwa ngumu na kupasuka, kwa hiyo lazima irudishwe motoni ilainike, igongwe tena, irudishwe tena. Kung'arisha hufanywa kwa mchanga na maji ya ukwaju. Mwisho huja nakshi: vijidoa vidogo vinavyopigwa kwa nyundo kimoja baada ya kingine, na kila kidoa huiongezea shaba ugumu. Pambo na uimara huzaliwa kwa pigo lilelile.

Je, shaba ina faida yoyote kwa maji? Vitabu vya kale vya Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya India, viliitaja miongoni mwa vyombo vifaavyo, na maabara imetoa ushahidi wa kiasi. Mwaka 2012 watafiti wa India walichapisha jaribio ambalo waliweka maji yenye vijidudu vya kipindupindu, kuhara damu na magonjwa mengine ya tumbo katika vyungu vya shaba. Baada ya saa 16 hawakuweza kuotesha kijidudu chochote kutoka katika maji hayo, na shaba iliyoyeyuka ilikuwa chini sana ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 2 kwa lita. Siri ni chembe za shaba zinazoingia majini polepole na kuharibu ngozi ya bakteria. Zinahitaji muda: kujaza chombo asubuhi na kunywa saa ileile hakuleti matokeo hayo. Tena shaba si ya kila kitu. Katika miaka ya 1980, maziwa yaliyochemshwa na kuhifadhiwa katika vyombo vya shaba na shaba njano yalihusishwa na ugonjwa mbaya wa ini uliowaua watoto wadogo huko Pune. Ndimu, maziwa na juisi visitiwe humo kamwe.

Chupa zinazouzwa sasa dunia nzima kwa wapenda yoga, zenye kifuniko cha kuzungusha na Om au yungiyungi ubavuni, ni wajukuu wa lota. Sizikatai. Ila nyingi hutoka kiwandani, na alama yake mara nyingi ni rangi iliyopigwa chapa au mchoro wa leza. Zamani chombo kilipata utukufu kutokana na maji yaliyotekwa, ibada iliyofanywa na mkono uliokishika. Chupa ya dukani huzaliwa na alama yake tayari, ikangoja maji yoyote ya bomba. Kwangu mimi hapo ndipo kilipopotea kitu kikubwa.

Mtu wa pwani hana haja ya kufundishwa kwamba maji hubeba baraka. Kombe tunalijua: aya za Kurani huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa. Huko Syria, tangu karne ya 12, mafundi walichonga aya na majedwali ya namba ndani ya tasi za shaba, waliodungwa na nge, walioumwa na nyoka na wanawake wenye uchungu wa kuzaa wakanyweshwa humo. Wahindu nao walipovuka bahari na kufanya makazi Zanzibar na Mombasa walikuja na vyombo vya ibada zao.

Baadhi ya vyombo hivyo vingali makabatini mwa familia zao, na vingine vimeshafika kwenye maduka ya vitu vya kale. Kabla hujauza cha kwenu, muulize mzee aliyekirithi: kilitoka mji gani, kilibeba maji gani, kilitumika arusi ya nani. Andika majibu, kipige picha pande zote pamoja na chini kwenye kitako, na nakala uipeleke makumbusho iliyo karibu nawe.