Hesabu ya Mawe ya Engaruka

Asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika Mlima Meru, mkazi wa Sombetini huutazama mlima. Ni nadra ageuke upande wa machweo. Huko, mbali nyuma ya Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, yamelala magofu ya Engaruka: nyumba, mifereji na mashamba ya mawe yaliyotandaa kilomita za mraba 20 hivi.

Dk. Gustav Fischer aliyaandika mwaka 1883. Louis Leakey alifika mwaka 1935, akakisia nyumba 6,300 mteremkoni na 500 bondeni, na watu kati ya 30,000 na 40,000. John Sutton, aliyepachunguza baadaye, aliona hesabu hiyo imepita kiasi. Tofauti yao si ndogo, maana ni tofauti ya mji mkubwa na vijiji vya wakulima.

Siku hizi kipo chombo kiwezacho kuhesabu upya: ndege ndogo isiyo na rubani, iliyobeba leza. Hurusha mianga mingi mno kwa sekunde moja, ikapima muda wa kila mmoja kwenda na kurudi. Mwingine hugonga majani ya mgunga, mwingine hupenya hadi udongoni. Majani yakiondolewa katika hesabu, ukuta wa kimo cha goti hudhihirika. Huko Caracol, nchini Belize, mwaka 2009, leza iliyochukuliwa na ndege yenye rubani ilipima kilomita za mraba 200 za msitu kwa siku chache. Watafiti waendao kwa miguu walikuwa wamepima 23 kwa miaka 25 hivi.

Walakini leza huona umbo, haioni umri. Engaruka palikaliwa tangu karne ya 15 hata ya 18, na uchimbaji wa Daryl Stump umeonyesha kwamba mashamba yalijengwa kidogo kidogo, maji yakileta udongo. Ahesabuye nyumba zote pamoja huzihesabu kana kwamba zote zilifuka moshi usiku mmoja. Kosa hilo laweza kurudiwa kwa leza, tena kwa haraka zaidi. (Wanafunzi wangu hawapendi nikisema hivi.)

Hata hivyo ramani hiyo naitaka, tena upesi, kwa kuwa wakulima wa leo wanalima na kumwagilia katika sehemu ya mashamba yale yale. Itatuonyesha penye mfereji uliokatiza ukuta, na hapo ukuta ndio wa kwanza. Makutano ya namna hiyo ndiyo yachimbwe kwanza.