Huyo Siye

Mimi ni mtu wa kalamu, si fundi wa redio. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani Ujiji, na tangu hapo naandika riwaya isiyokwisha. Leo naiweka kando kidogo nikusimulie juu ya sahani mbili zilizogoma kusema.

Ya kwanza tuliipata Mwanga. Jamaa yangu mmoja alikuwa amenunua seti ya muziki yenye spika tano, sabufa moja na deki ya DVD. Akapita kwenye mitumba, akarudi na sahani mbili zilizoandikwa kwamba sauti yake ni bora kuliko CD. Tukakaa mkao wa kula. Moja ikaimba, tena vizuri tu. Ya pili deki ikaizungusha, ikakoroma, kisha ikaandika kwamba hamna sahani ndani. Hamna sahani! Na tumeitia kwa mikono yetu!

Tukaipeleka kwa fundi. Akaigeuza mara moja, akacheka. "Vijana, sahani nzima hii. Mashine yenu ndiyo haijui kuisoma."

Maneno hayo yalinirudisha kwenye historia. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya HMV. Santuri za enzi hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa santuri ya kawaida ulibeba kama dakika tatu tu. Gramafoni haikuhitaji umeme: unapiga hendeli, unaweka sindano ya chuma, basi. Ng'ambo ya ziwa letu, kule Leopoldville, Mgiriki Nicolas Jeronimidis alianzisha lebo ya Ngoma mwaka 1948, na rumba ya Kongo ikaenea Afrika kwa santuri.

Mwaka huohuo wa 1948 Marekani ikatoa santuri ya plastiki inayozunguka mara 33 na theluthi, na mwaka 1949 ikafuata ile ya 45. Mifereji yake ilikuwa myembamba, ikataka sindano nyembamba. Mwaka 1963 Philips wakaleta kaseti. Mwaka 1982 ikaja CD, inayopima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde. Kila kipya kilipoingia sebuleni, mashine ya zamani ilihamia uvunguni, na sauti zake zikahamia nayo.

Mwaka 1999 Sony na Philips wakatoa sahani iitwayo SACD, inayopima sauti mara zaidi ya milioni 2.8 kwa sekunde. Mwaka 2000 ikaja mpinzani wake, DVD-Audio. Hapa ndipo fundi alipotufumbua macho. DVD-Audio nyingi zilipewa pia sehemu ya pili, yenye sauti iliyobanwa ambayo deki yoyote ya DVD huisoma. Ndiyo ile iliyotuimbia. Tulidhani tunasikia ule ubora ulioandikwa juu ya kasha, kumbe tunasikia mdogo wake. SACD nyingi nazo zina matabaka mawili, moja likiwa CD ya kawaida. Yetu ilikuwa na tabaka moja tu, kwa hiyo bila mashine yake ni kioo cha kujitazamia.

Hata ukiwa na mashine yenyewe, kazi haijaisha. Watengenezaji waliogopa wizi wa muziki, wakazuia sauti ile kamili isipite katika waya wa kidijiti wa siku zile. Ilibidi uchomeke waya sita, mmoja kwa kila spika, kwenye amplifaya yenye matundu sita. Waya wa HDMI ulikuja kurahisisha mambo baadaye.

Sasa sahani ya pili. Bibi alikuwa na santuri mbili za 78, mali ya marehemu baba yake aliyekuwa kibarua wa reli hapa Kigoma. Alizifunga kwenye khanga miaka yote. Nilipopata pleya ya kuazima nikaona nimfurahishe. Ya kwanza niliichukulia kama plastiki. Sikujua kwamba santuri za 78 zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Iliniponyoka, ikapasuka kama sahani ya udongo. Bibi hakusema neno. Aliokota vipande kimoja kimoja.

Ya pili nikaiweka kwa mikono miwili. Pleya ile ilikuwa na mwendo wa 33 na 45 tu, na sindano yake nyembamba ikazama chini ya mfereji. Mwimbaji akatoka anaburuta maneno kama mlevi, katikati ya mchakacho wa mvua juu ya bati. Bibi alisogea, akatega sikio, akatikisa kichwa.

"Mjukuu wangu, huyo siye. Huyo mtu mwingine."

Nikaizima.

Waandishi wenzangu, sisi hutunza karatasi tukadhani tumetunza yaliyopita. Hapo nimejifunza kwamba kutunza sahani bila kutunza kinachoisomesha ni nusu ya kazi. Waliotia tabaka la CD ndani ya SACD walilijua hilo: walimfikiria mtu mwenye mashine duni, wakamwachia fungu lake. Baba yake Bibi hakuachiwa fungu kama hilo, na gramafoni yake iliuzwa zamani.

Natafuta pleya yenye mwendo wa 78 na sindano yake nene. Kama nyumbani kwenu ipo, hata mbovu, usiiuze kwa wauza vyuma chakavu. Bibi ana umri mkubwa, na ndiye pekee aliyebaki kwetu anayeweza kusikia akaniambia: "Naam, huyo ndiye."