Ukurasa Mmoja, Vivinjari Vingi: Historia ya Viwango vya Tovuti

Wavuti, yaani mfumo unaowezesha kurasa za habari kusomwa kwa njia ya intaneti, ulizaliwa kutokana na tatizo la kompyuta zisizoelewana. Katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na Geneva, wanasayansi wa mataifa mengi walitumia mashine za aina nyingi, na taarifa iliyohifadhiwa katika moja mara nyingi haikusomeka katika nyingine. Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, mtaalamu wa programu kutoka Uingereza, alipendekeza suluhisho, na mwishoni mwa mwaka 1990 alikuwa amekwisha kuunda kivinjari cha kwanza, programu inayopokea ukurasa kutoka kwenye seva, yaani kompyuta inayouhifadhi, na kuuonyesha kwenye skrini. Kwa kuwa kivinjari hicho kilifanya kazi kwenye kompyuta za NeXT peke yake, Nicola Pellow, aliyekuwa mwanafunzi wa hisabati, aliandika kingine cha maandishi matupu kilichoweza kutumika karibu kwenye mashine yoyote. Lugha ya HTML, ambayo kurasa ziliandikwa kwayo, ilitumia alama ziitwazo lebo kutaja kazi ya kila sehemu, kama vile kichwa, aya au orodha, na suala la sura likaachiwa kivinjari chenyewe.

Mpango huo ulianza kutikisika mara biashara ilipoingia. Mwaka 1993 kivinjari cha Mosaic, kilichoundwa katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, kilionyesha picha na maandishi katika ukurasa mmoja. Mwaka 1994 ikaanzishwa kampuni ya Netscape, na mwaka 1995 Microsoft ikatoa Internet Explorer. Kila kampuni, ikitaka kuvutia watumiaji, ilibuni lebo zake: Netscape ikaleta maandishi ya kumetameta, Microsoft ikaleta maandishi yanayopita kwenye skrini. Kufikia mwaka 1997 tofauti zilikuwa kubwa kiasi kwamba mtengenezaji wa tovuti aliyetaka ukurasa wenye sehemu zinazosogea alilazimika kuandika programu yake mara mbili, au kuweka tangazo la kumshauri msomaji atumie kivinjari fulani. Hata kompyuta zenyewe hazikukubaliana, kwani herufi za pointi 12 zilichukua pikseli 12 (nukta ndogo za skrini) kwenye Macintosh na pikseli 16 kwenye Windows, na skrini nyingi zilionyesha rangi 256 tu, ambazo 216 kati yake ndizo zilizoaminika kuwa salama kwa mifumo yote miwili.

Juhudi za kuleta mapatano zilikwisha kuanza kabla ya ushindani huo kupamba moto. Mwaka 1994 Berners-Lee aliunda W3C, chombo cha kuandaa viwango vya wavuti, na mwaka huohuo Håkon Wium Lie wa Norwei alipendekeza CSS, lugha ya kueleza mpangilio, rangi na herufi mbali na maandishi yenyewe. Lugha hiyo, aliyoiendeleza pamoja na Bert Bos wa Uholanzi, ilipitishwa Desemba 1996. Hata hivyo, kupitishwa kwa kiwango hakukuwa na maana ya kufuatwa kwake, na mfano ulio wazi kabisa ni ule wa kisanduku. CSS ilisema kuwa upana wa kisanduku ni upana wa maandishi peke yake. Hivyo kisanduku cha pikseli 300, chenye nafasi ya ndani ya pikseli 20 na mpaka wa pikseli 5 kila upande, huchukua pikseli 350 kwenye skrini. Internet Explorer 5 ya Windows ilihesabu vyote hivyo ndani ya zile 300, na matokeo yake ni kwamba safu zilizopangwa kwa uangalifu katika kivinjari kimoja zilisukumana na kuporomoka katika kingine.

Mwaka 1998 kikundi cha watengenezaji wa tovuti, akiwemo Jeffrey Zeldman, kilianzisha Web Standards Project ili kuzishinikiza kampuni ziheshimu viwango. Kizuizi kikubwa kilikuwa mamilioni ya kurasa zilizokwisha kuandikwa kwa kutegemea makosa ya vivinjari vya zamani, kurasa ambazo zingeharibika endapo makosa hayo yangesahihishwa ghafla. Njia ilipatikana mwaka 2000 katika Internet Explorer 5 ya Macintosh, ambayo Tantek Çelik alishiriki kuongoza uundaji wake: kivinjari kilisoma tamko la mwanzo wa ukurasa, kikaonyesha ukurasa wa kisasa kwa kufuata kiwango na ule wa zamani kwa kufuata mazoea. Mwaka 2005 likaja jaribio la Acid2, ukurasa ambao kivinjari sahihi kilitakiwa kuuonyesha kama uso unaotabasamu, huku kila kosa likiupotosha uso huo mbele ya macho ya mtu yeyote. Viwango vilianza kuheshimiwa kwa dhati pale ambapo uvunjaji wake uliweza kuonekana hadharani.

Lakini kanuni za kurasa sahihi hazikutosha, kwa sababu watu huandika kurasa zenye makosa. Lebo ya herufi nzito ikifunguliwa kabla ya ile ya herufi za mlazo, kisha ikafungwa kabla yake, viwango vya awali havikueleza kivinjari kifanye nini, na kila kimoja kilikisia kwa namna yake. Kundi la WHATWG, lililoundwa mwaka 2004 na wahandisi kutoka Apple, Mozilla na Opera, liliandika hatua kwa hatua jinsi ya kusoma hata ukurasa uliokosewa, na kazi hiyo ikawa sehemu ya toleo la HTML5. Mapatano yalikamilika yalipohusisha pia makosa.

Simu za mkononi nazo zilibadilisha maana ya usawa. Mwaka 2010 Ethan Marcotte alieleza usanifu unaoufanya ukurasa mmoja ujipange upya kulingana na upana wa skrini, na tangu hapo kuonekana sawasawa kukamaanisha kusomeka na kutumika ipasavyo, si kufanana pikseli kwa pikseli.

Leo vivinjari vingi, ikiwemo Edge ya Microsoft tangu mwaka 2020, vimejengwa juu ya programu ya Chromium ya Google, na yupo anayeweza kuona kuwa tatizo limekwisha kwa sababu washindani wamepungua. Historia inakataa hitimisho hilo. Internet Explorer 6, iliyotolewa mwaka 2001 na kutawala soko kwa karibu asilimia 90, haikupata mrithi hadi mwaka 2006, na tovuti nyingi zilizoandikwa kwa ajili yake peke yake zilifungwa kwenye kasoro zake kwa miaka mingi. Usawa unaotokana na programu moja hudumu kwa hiari ya mwenye programu, ilhali ule unaotokana na kanuni zilizoandikwa wazi na kupimwa hadharani humpa mtengenezaji yeyote haki ya kujenga kivinjari kipya, na humhakikishia msomaji kuwa kifaa chake, hata kiwe cha aina gani, hakitamnyima habari.