Mwaka mmoja wa Neversoft: jinsi Tony Hawk's Pro Skater 2 ilivyotengenezwa

Kijana yeyote aliyewahi kuteremka na chukudu kutoka Kibumba kuja Goma anajua jinsi ubao wenye magurudumu unavyotaka mwili wote: magoti, kiuno, macho mbele. Ila mwenye chukudu ana usukani mkononi na mzigo wa kabichi juu ya mbao. Mchezaji wa skeitibodi hana usukani. Ana ubao mfupi wenye magurudumu manne madogo, anasimama juu yake, na kila kitu anakifanya kwa miguu: kugeuka, kuruka, kuteleza juu ya chuma cha ngazi. Mchezo huo ulianza California miaka ya 1950, kwa vijana wa pwani waliotaka kuteleza barabarani siku ambazo bahari haikuwa na mawimbi.

Karibu miaka hamsini baadaye, kampuni ndogo ya Los Angeles iitwayo Neversoft iliutia mchezo huo ndani ya televisheni. Ilifanya hivyo mara mbili katika muda wa mwaka mmoja. Mara ya kwanza, mwaka 1999, watu walipenda. Mara ya pili, Septemba 2000, walishangaa. Metacritic, tovuti inayokusanya maoni ya wakosoaji, inalipa toleo la PlayStation la Tony Hawk's Pro Skater 2 alama 98 kati ya 100, na michezo ya video iliyofika hapo inahesabika kwa vidole.

Kwa kawaida sehemu ya pili ya kitu chochote huja ikiwa dhaifu kuliko ya kwanza. Filamu ni hivyo, na michezo ya video pia. Wenye mali wanataka makuta ya haraka, watengenezaji wamechoka, basi wanaongeza rangi na kupandisha bei. Neversoft ilikuwa na kila sababu ya kufanya hivyo hivyo. Kwa nini haikufanya ndiyo habari yenyewe.

Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1994 na watu watatu: Joel Jewett, aliyeshika hesabu na uongozi, na waandishi wa programu Mick West na Chris Ward. (West leo anajulikana zaidi kwa kuchunguza video za vitu vya ajabu angani na kuonyesha kwamba mara nyingi ni ndege au puto.) Miaka yao ya kwanza haikuwa ya utajiri. Walitengeneza Skeleton Warriors, mchezo usiokumbukwa na wengi, kisha wakafanya kazi ya kuhamishia PlayStation mchezo wa wengine uitwao MDK. Mradi wao mwingine ulifutwa na Sony, na kufikia mwanzo wa 1998 fedha zilikuwa zinakwisha. Waliokolewa na Activision, ambayo ilikuwa na mchezo uliokwama uitwao Apocalypse, wenye sura na sauti ya Bruce Willis, ikitafuta mtu wa kuumaliza. Neversoft iliumaliza katika mwaka huo huo.

Hapo ndipo Activision ilipowaomba wajaribu mchezo wa skeitibodi. Katika kumbi za michezo kulikuwa na mashine ya Sega, Top Skater ya mwaka 1997, ambayo mchezaji aliipanda kwa miguu na kuteremka nayo. Wazo la kwanza la Neversoft lilifuata mfano huo: kuteremka mlima, anayewahi kufika chini ndiye mshindi. Walipoanza kuijaribu waligundua kwamba hakuna aliyejali kufika chini. Watu walisimama njiani, wakarudi nyuma, wakataka kuruka tena kwenye ukingo ule ule. Basi mteremko ukatupwa, yakabaki maeneo ya kuzungukia na saa ya dakika mbili. Katika jaribio la mwanzo, aliyepanda ubao alikuwa Bruce Willis yule yule wa Apocalypse, kwa sababu mwili wake ulikuwa umekwisha kuchorwa na hapakuwa na haja ya kulipia mwingine.

Tony Hawk alionyeshwa jaribio hilo mwaka 1998. Alizaliwa San Diego mwaka 1968, akawa mchezaji wa kulipwa akiwa na miaka 14, na katika miaka ya 1980 alikuwa tajiri kijana. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 mchezo wake ukaanguka: viwanja vikafungwa, mashindano yakapungua, na mtu aliyekuwa na nyumba yake akaanza kuhesabu dola za chakula cha siku. Kabla ya Neversoft, alikuwa amewahi kuzunguka akitafuta kampuni ya kutengeneza mchezo wa video wa skeitibodi, akaambiwa hakuna atakayeununua. Safari hii alishika maneti, kile kifaa cha vibonyezo ambacho mchezaji anashika mikononi, akacheza kidogo tu, akakubali.

Tarehe 27 Juni 1999, kwenye mashindano ya X Games huko San Francisco, baada ya kuanguka mara nyingi mbele ya umati, Hawk akawa wa kwanza kukamilisha mbinu iitwayo 900, yaani kuzunguka hewani mara mbili na nusu na kutua juu ya ubao. Picha hizo zilipita katika televisheni za dunia. Mchezo wa video ulitoka kabla ya mwaka huo kwisha. Usingeweza kupanga tangazo bora kuliko hilo.

Kuna jambo la fedha ambalo Hawk mwenyewe amelisimulia mara nyingi. Activision ilimpa pendekezo: achukue dola 500,000 mara moja, na haki yake ya kulipwa kwa kila nakala iishie hapo. Alikataa, akabaki na sehemu yake katika kila nakala itakayouzwa. Kwa mtu aliyekwisha kuonja ufukara, huo haukuwa uamuzi mwepesi. Watengenezaji wenyewe walipata njia nyingine: mwishoni mwa 1999 Activision iliinunua Neversoft yote.

Mwaka wa 2000 ukaanza na kazi mbili mezani. Kampuni ile ile ilikuwa inamalizia mchezo wa Spider-Man, na papo hapo ilidaiwa Tony Hawk ya pili, iwe madukani kabla ya Noeli. Mashine ilikuwa ile ile ya zamani, PlayStation ya kwanza, yenye kumbukumbu ya megabaiti 2 tu. PlayStation 2 ilikuwa mlangoni: Marekani iliipokea Oktoba 2000, mwezi mmoja baada ya mchezo huu. Hakukuwa na nafasi ya kuongeza ukubwa. Walilazimika kutafuta kilichopungua.

Kilichopungua kilikuwa hiki. Katika toleo la kwanza, mchezaji aliruka, akafanya mbinu mbili tatu hewani, akateleza juu ya chuma, kisha akatua, na hesabu ikafungwa. Kila mara magurudumu manne yalipogusa ardhi, alianza upya. Ardhi tambarare ilikuwa mahali pa kupita tu, kama barabara kati ya soko na soko.

Neversoft iliweka hapo kitu ambacho wachezaji wa kweli walikuwa nacho tangu zamani: manual, yaani kutembea juu ya magurudumu mawili, ya nyuma au ya mbele, huku mengine mawili yakiwa yameinuliwa. Ukibonyeza mshale wa juu na wa chini haraka kabla ya kutua, ubao unatua ukiwa umeinama, na hesabu haifungwi. Unasawazisha kwa kidole, mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka ufike kwenye chuma kingine au ukuta mwingine, na mnyororo unaendelea.

Ni kitu kidogo kukieleza, lakini hesabu yake inatisha. Thamani za mbinu zinajumlishwa, kisha jumla inazidishwa kwa idadi ya mbinu. Chukua mfano wa mbinu tatu zenye jumla ya alama 1,000: zinaleta 3,000. Kumi zenye jumla ya 3,000 zinaleta 30,000. Mbinu ikirudiwa inapungua thamani, kwa hiyo hakuna faida ya kukariri moja. Na ukianguka kabla ya kufunga mnyororo, vyote vinapotea, hata ile ya kwanza uliyoipata kwa jasho. Yeyote aliyewahi kusimama nyuma ya watoto katika chumba cha PlayStation, pale ambapo mtu analipa kwa kila zamu, anajua ukimya unaotokea mchezaji anapokuwa na alama nyingi ambazo bado si zake.

Kwa namna fulani, mlango huo ulifunguliwa zamani na mmoja wa walioingizwa katika toleo hilo la pili, Rodney Mullen. Alan Gelfand wa Florida ndiye aliyegundua katika miaka ya 1970 jinsi ya kuruka na ubao bila kuushika kwa mkono. Mullen aliuleta mruko huo kwenye ardhi tambarare mwanzoni mwa miaka ya 1980, na juu ya msingi huo akabuni mbinu nyingi ambazo leo kila mtoto mwenye ubao anajaribu. Alikuwa mtu wa sakafu, wakati Hawk alikuwa mtu wa kuta za juu. Katika mchezo wa kwanza hakuwamo. Katika wa pili yumo, na sakafu sasa ina kazi.

Kitu cha pili kilikuwa karakana: mchezaji aliweza kumuunda mtu wake mwenyewe na kujenga uwanja wake, kipande kwa kipande, kisha kuuhifadhi kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu na kwenda nao kwa rafiki. Kuiingiza karakana hiyo ndani ya mashine dhaifu namna ile kulikuwa ufundi mkubwa, ingawa hakuna tangazo lililouzungumzia hivyo. Muziki nao, kutoka Rage Against the Machine hadi Public Enemy na Naughty by Nature, uliwafikia vijana ambao redio zao hazikuwahi kuupiga.

Maeneo mengi yalikuwa ya kweli: bakuli la zege la Marseille kule Ufaransa, ufukwe wa Venice, na Philadelphia yenye bustani ya LOVE Park. Hiyo ya mwisho ina mkasa wake. Vijana wa dunia nzima waliteleza ndani yake kwa vidole, huku mji wenyewe ukiwakataza vijana wake kuteleza humo kwa miguu. Mwaka 2002 marufuku ilipokazwa, Edmund Bacon, mpangaji wa mji ambaye bustani hiyo ilitokana na wazo lake, alikwenda pale akiwa na miaka 92, akavaa kofia ngumu, akapanda skeitibodi huku ameshikwa asianguke, kupinga amri hiyo.

Mwaka huo wa 2000 huku Kivu unakumbukwa kwa jambo jingine. Viwanda vya elektroniki vilikuwa vinagombania tantali, madini yanayotoka katika koltani, bei ikapanda mara kadhaa, na vijana wakaacha mashamba na shule kwenda kuchimba, wakati vita vikiendelea. Mwaka uliofuata bei ikaanguka. Haki ni kusema kwamba simu na kompyuta zilikula sehemu kubwa, na mashine za michezo zilikuwa kundi moja tu. Lakini ni miezi ile ile, na waliochimba na waliocheza walikuwa wa umri mmoja.

Baada ya hapo Activision ilitaka toleo kila mwaka, ikalipata. La tatu, 2001, liliongeza mbinu ya kugeuka wakati wa kutua kutoka ukutani, na mnyororo ukawa hauna mwisho. Wako wanaolipenda kuliko la pili. Lakini palipo na mnyororo usiokatika, hofu ya kuupoteza nayo inapungua, na hofu ile ndiyo iliyokuwa utamu. Kila mwaka kitu kiliongezwa, na mwaka 2007 Neversoft ikatoa Tony Hawk yake ya mwisho na kuhamishiwa kwenye Guitar Hero. Kampuni nyingine, Robomodo, ikaja na ubao wa plastiki usio na magurudumu mwaka 2009, ukashindwa. Toleo la tano, 2015, lilikuja na kasoro nyingi kiasi kwamba marekebisho ya siku ya kwanza yalikuwa mazito kuliko mchezo uliokuwa kwenye diski.

Neversoft yenyewe haikuwepo tena kuona hayo. Mwaka 2014 iliunganishwa na kampuni nyingine ya Activision, Infinity Ward, na jina likafutwa. Wafanyakazi walitengeneza sanamu kubwa la jicho, alama ya kampuni yao, wakalichoma moto hadharani.

Mwaka 2020 toleo la kwanza na la pili yalitengenezwa upya kwa pamoja na Vicarious Visions ya New York, kampuni iliyokuwa imefanya toleo dogo la Game Boy Advance mwaka 2001. Wachezaji wa zamani walichorwa wakiwa na mvi na mikunjo ya umri wao wa sasa. Lakini namna ubao unavyojibu kidole haikubuniwa upya: watengenezaji walitafuta programu ya Neversoft ya miaka ile, wakaijenga ndani ya mchezo mpya. Watu waliinunua kwa wingi, wakosoaji wakaisifu. Miezi michache baadaye, Januari 2021, ikatangazwa kwamba Vicarious Visions inaingizwa ndani ya Blizzard, na jina lake nalo likafuata njia ya Neversoft. Julai 2025, toleo la tatu na la nne yalipotengenezwa upya, kazi ilikuwa ya kampuni nyingine, Iron Galaxy. Jina la Hawk bado liko juu ya boksi.