Ufinyangaji kwa Joto: Bamba Linapogeuka Kifaa cha Meno

Mashine yenyewe ni ndogo, hukaa juu ya meza ya maabara. Juu ina koili ya umeme, katikati fremu inayobana bamba la plastiki, na chini kitako chenye matundu kilichounganishwa na pampu. Modeli ya meno ya mgonjwa, iliyomiminwa kwa plasta ngumu, huwekwa juu ya matundu hayo. Koili ikiwaka, bamba hulegea na kuanza kunepa. Likishanepa kiasi chake, fundi huishusha fremu mara moja, pampu hunyonya hewa, na bamba hujibana kwenye kila jino na kila kingo ya ufizi. Likipoa, hukatwa na kusuguliwa kingo, na kifaa kimepatikana. Kazi hiyo ndiyo wataalamu huiita themofomingi.

Kiswahili kiiiteje? Neno linalokuja haraka ni kuyeyusha, nalo halifai hata kidogo. Plastiki iliyoyeyuka hutiririka. Bamba likifikishwa huko limeshaharibika: hutoa mapovu, hutoboka, au hukunjamana likigusa modeli. Kinachotakiwa ni kulainika tu, libaki bamba zima lenye mwili wake, lakini lisiwe tena na ukaidi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba plastiki "inayeyushwa" atasubiri ishara isiyo sahihi, kwa sababu dalili anayopaswa kuitazama ni ule mnepo wa katikati ya bamba.

Lipo pia neno la kale la wahunzi, kusubu, yaani kumimina madini yaliyoyeyuka ndani ya kalibu. Hili ni neno zuri na lina mahali pake katika maabara ya meno, ila si hapa. Meno ya bandia yenye nyama ya plastiki laini, yale ya nailoni yaliyoanza kutengenezwa Marekani miaka ya 1950, hupatikana kwa kusukuma nailoni iliyoyeyuka ndani ya kalibu iliyofungwa. Huko ndiko kusubu. Mgonjwa husikia "plastiki laini" akadhani vifaa hivyo na vile vya bamba ni kitu kimoja, kumbe vinatofautiana kwa njia, kwa unene na kwa muda wa kutumika. Istilahi ikivitenganisha, maelezo ya daktari yatamfikia mgonjwa bila mkanganyiko.

Mimi nashika kufinyanga. Mfinyanzi hachukui kitu kinachotiririka. Huchukua udongo uliolainika, akaubana ukapata umbo. Kwenye mashine yetu hewa inafanya kazi ya kiganja. Hivyo napendekeza ufinyangaji kwa joto, na bamba lenyewe liitwe bamba la kufinyangwa kwa joto. Najua wapo watakaotamani neno moja fupi, "ufinyangajoto", kwa kufuata kipimajoto. Lakini katika kipimajoto, joto ndilo linalopimwa, ni mtendwa. Katika ufinyangaji huu joto ni nyenzo tu, kinachofinyangwa ni plastiki. Hilo "kwa" dogo linabeba maana, lisidondoshwe kwa ajili ya ufupi.

Mbali na ulaini, kuna sifa ya pili ya kutofautisha: unyumbufu. Kitu laini huitika kikibonyezwa. Kitu nyumbufu hupinda kisha hurudi kilipokuwa. Bamba la EVA, yaani ethilini vinili asetati, lina sifa zote mbili, ndiyo maana hutengenezewa kinga ya meno ya mabondia na trei za kuwekea dawa ya kung'arisha meno. Bamba la PETG, plastiki nyingine, ni gumu zaidi na linang'aa kama kioo. Hufaa kwa vishikilia meno baada ya waya wa kunyooshea meno kutolewa. Unene nao hufuata kazi. Kinga ya bondia huanza na bamba la milimita 3 au 4, trei ya dawa karibu milimita 1, na ganda la kutengenezea kofia ya jino ya muda karibu nusu milimita.

Nimesema "huanza" kwa makusudi. Bamba likivutwa juu ya modeli hutanuka, na linapotanuka hupungua unene. Kinga ya milimita 4 inaweza kubaki karibu nusu ya hapo kwenye ncha za meno ya mbele, mahali ambapo ngumi hutua. Kwa hiyo modeli haipaswi kuwa ndefu: fundi huisugua kitako mpaka ibaki fupi, maana kila milimita ya urefu hulipwa kwa unene wa bamba. Modeli ikiwa na majimaji, mvuke hujipenyeza kati yake na plastiki na kuacha mapovu. Baadhi ya mabamba, hasa ya polikabonati na poliyurethani, hunyonya unyevu wa hewani yenyewe. Kwa hiyo katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam pakiti iliyofunguliwa isiachwe wazi mezani.

Wazo la kifaa cha bamba lililovutwa kwa ombwe liliandikwa na Henry Nahoum wa New York mwaka 1964. Mwaka 1993 John Sheridan alitangaza kishikilia meno chembamba kinachojulikana kama Essix, na kampuni ya Align iliyoanzishwa mwaka 1997 ikatumia mfululizo wa maganda ya aina hii kusogeza meno.

Matumizi ninayoyathamini zaidi ni ya mtu aliyeng'olewa jino la mbele. Jino la akriliki hutiwa ndani ya ganda, penye pengo, naye huondoka akiwa na tabasamu lake. Ganda huegemea meno jirani, halikandamizi kidonda cha ufizi. Hapa aina ya plastiki huamua: PETG hukubali kushikana na akriliki, polipropilini haikubali. Lakini kukataa huko ndiko kunakotakiwa kwenye kofia ya jino ya muda, kwani ganda humiminiwa akriliki, likakandamizwa kwenye jino lililochongwa, kisha sharti lichomoke likiwa safi.

Neno "muda" nalo lielezwe kwa mgonjwa bila kuficha. Vifaa hivi vya muda ni vya siku, wiki au miezi michache, si vya kutafunia mahindi ya kuchoma. Na kwa kuwa plastiki ya namna hii hulainika tena kila joto linaporudi (PETG huanza kulegea karibu nyuzi 80 za Selsiasi), ukipewa kifaa chako kisafishe kwa maji ya baridi na mswaki laini, kitoe kabla ya kunywa chai, na usikichemshe kamwe.